Kinywa changu hakifunguki kusema Mungu ni mwema. Je, nimekufuru?

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngomeni. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwezi wa saba alitoka alfajiri na wenzake wawili, kusi ikawazidi nguvu, chombo kikapinduka. Mmoja aliokolewa akiwa ameshikilia mtungi wa petroli. Mume wangu na mwenzake hawajaonekana hadi leo. Kanisani kwetu kila Jumapili kiongozi akisema “Mungu ni mwema” watu huitika “kila wakati”. Mimi siwezi. Mama mmoja wa kanisa ameniambia kutoitika ni kumkufuru Mungu, na nikiendelea hivi nitapoteza na watoto. Mhubiri mwingine amesema kuna laana ya ukoo, nifunge siku saba bila kula na nipande mbegu ya pesa ili ivunjike. Majirani zangu Waislamu wananiambia ni kadari, nishukuru. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita, ananiuliza kama Mungu ndiye aliyemchukua baba yake. Nimjibu nini? Na mimi mwenyewe, naweza kuamini kwamba Mungu ni mwema bila kujidanganya?

JIBU

Bwana asifiwe sana, mama. Pole. Pole kwa kuondokewa na mwenzio, na pole pia kwa mizigo uliyobebeshwa juu ya msiba wenyewe.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hujakufuru. Kunyamaza wakati wenzako wanaitika si dhambi, na hakuna aya hata moja inayosema Mungu humwua mtoto kwa sababu mama yake ameshindwa kuitika. Huenda yule mama alitaka kukutia nguvu, lakini amemsingizia Mungu ukatili ambao hata jirani mkorofi hana. Jumapili ijayo nenda kanisani, ukae, na ukishindwa kuitika usiitike. Imani ya kanisa haikai katika kinywa cha mtu mmoja. Wenzako watalibeba neno hilo kwa niaba yako mpaka siku utakapoweza kulibeba tena, na ikichukua mwaka, na uchukue.

Halafu fungua kitabu cha Ayubu. Wengi wetu tunazijua sura mbili za kwanza na ile ya mwisho, zile thelathini na tisa za katikati tunaziruka, na huko ndiko liliko jambo lako. Ayubu alifiwa na watoto kumi siku moja, wana saba na binti watatu, nyumba ilipoangushwa na upepo mkubwa uliotoka pande za jangwani. Upepo, mama, kama wako. Marafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona huzuni yake ni kubwa mno. Hilo ndilo jema walilolifanya. Ayubu alipofungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, walianza kuhubiri, na mahubiri yao yangepokewa vizuri katika makanisa yetu mengi: Mungu ni mwenye haki, asiye na kosa haangamii, basi tafuta ulipokosea, utubu, utarudishiwa. Ayubu akawajibu kwa maneno makali. Alisema Mungu amemfanya shabaha ya mishale yake. Alidai apelekwe mbele za Mungu akasikizwe kesi yake.

Na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi hivi: “hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.” Waliomtetea Mungu kwa maneno yaliyonyooka ndio waliokemewa, wakaambiwa wapeleke sadaka kwa Ayubu na Ayubu awaombee. Aliyelia, aliyelalamika, aliyedai majibu, Mungu anamwita mtumishi wangu. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia mama yule wa kanisani kwenu aya moja tu, ningemsomea hiyo.

Kuna jambo jingine dogo katika sura hiyo ya mwisho ambalo wahubiri hulipita mbio. Ayubu alirudishiwa mifugo maradufu. Watoto alipata kumi wengine, lakini wale kumi wa kwanza hawakurudi, na Biblia haisemi kwamba aliwasahau. Mtu akikwambia Mungu atakurudishia mara mbili ulichopoteza, huyo anazungumza habari za ngamia. Mume si ngamia.

Sasa Zaburi. Zile nyimbo 150 ndizo kitabu cha ibada cha Israeli, ndizo alizoimba Bwana Yesu tangu utotoni, na karibu theluthi moja yake ni malalamiko. Hazikuandikwa na wapagani. “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?” Huo ni mwanzo wa Zaburi ya 13, na iliimbwa hekaluni mbele ya watu wote. Zaburi nyingi za namna hii huanza kwa kilio na kumalizia kwa sifa, na sisi huharakisha kufika kwenye mwisho wake. Lakini soma ya 88. Huyu anamlilia Mungu mchana na usiku, anasema Mungu amemtesa kwa mawimbi yake yote, anauliza kama wafu watainuka kumsifu, na zaburi inaishia gizani. Hakuna “lakini”. Hakuna aya ya kumalizia kwa furaha. Na bado imewekwa ndani ya Maandiko Matakatifu, maana yake watu wa Mungu waliona kwamba huyu naye anaomba, na sala yake inafaa kufundishwa watoto.

Nasema hili kwa uchungu: sisi makanisa ya pwani tumeacha kulia mbele za Mungu. Ibada inaanza kwa pambio, inaendelea kwa pambio, vinanda na ngoma vinapigwa mpaka mwisho, na aliyefiwa juzi anatakiwa arukeruke pamoja na wengine au aonekane amepoa kiroho. Tumewaachia watu msiba wao wakalilie nyumbani, na kanisani tunataka waje wamekwisha kukauka machozi. Ukishindwa kuitika “kila wakati”, kasoro haiko kwako peke yako. Hatujakupa neno jingine la kuitika. Kwa hiyo nakupa kazi. Jioni, watoto wakishalala, isome Zaburi ya 13 au ya 88 kwa sauti, polepole, kama maneno yako mwenyewe. Usiongeze kitu cha kuipamba. Ukifika mahali unalia, simama hapo, kesho utaanzia hapo. Anayemlalamikia Mungu bado ana neno naye, na bado anamhesabu kuwa ni wa kujibu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, maana najua hukuniuliza tu kama una ruhusa ya kulia. Umeuliza kama Mungu ni mwema kweli.

Kwanza tuondoe kitu kimoja. Kuamini wema wa Mungu hakukudai uite msiba wako jambo jema. Bahari kumchukua baba wa watoto watatu si jambo jema, wala halitakuwa jema hata tukiliimbia. Watu hupenda kunukuu Warumi 8:28, kwamba “katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema”, na wanaisoma kana kwamba Paulo amesema mambo yote ni mema. Soma sura nzima. Hapo juu kidogo anasema uumbaji wote unaugua kama mwanamke mwenye utungu, na kwamba Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hapo chini anataja dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari na upanga, kila kimoja kwa jina lake, wala hakigeuzi hata kimoja kikawa baraka. Anachosema ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kututenga na upendo wa Kristo.

Na aliyeandika hayo alikuwa anaijua bahari. Katika 2 Wakorintho 11 anahesabu mateso yake, na mojawapo ni hili: “mara tatu nalivunjikiwa jahazi; kuchwa kucha nimepata kukaa kilindini.” Usiku na mchana majini! Yule mwenzake mume wako aliyeshikilia mtungi anaweza kukueleza vizuri kuliko mimi maana ya aya hiyo. Baadaye Paulo alivunjikiwa tena karibu na kisiwa cha Malta, wakiwa watu 276 chomboni, na wote wakafika pwani salama, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu.

Najua utasema: basi kwa nini wale 276, na wangu hapana? Ni swali la haki, na Biblia yenyewe inaliweka wazi mbele yetu. Matendo sura ya 12 inaanza kwa Herode kumwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Neno moja tu, mstari mmoja, Yakobo amekwisha. Kisha Petro anakamatwa, malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Mitume wawili, mfalme mmoja, sura moja. Luka hatuambii Petro alikuwa na imani zaidi. Hatuambii Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika. Mke wa Yakobo, kama alikuwa naye, aliusikia ushuhuda wa Petro kama wewe unavyousikia ushuhuda wa wavuvi waliorudi salama siku ile ile. Kanisa la kwanza liliishi na sura hiyo bila kuipatia maelezo, na halikuacha kuomba. Nami sitakutungia maelezo ambayo Luka hakuyatunga.

Kuna wale watakaokuletea Yusufu, aliyewaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Ni kweli, na ni neno tukufu. Lakini angalia nani anayesema. Ni Yusufu, aliyetupwa shimoni, aliyeuzwa, aliyefungwa. Na anasema baada ya miaka mingi, baba yake akiwa amekwisha kuzikwa. Ndugu zake wangemwambia maneno hayo hayo siku anapandishwa kwenye ngamia za wafanyabiashara, ingekuwa ni dhihaka. Hapa kwetu pwani watu hupenda kusimulia habari za mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine Julai ya mwaka huo huo, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike. Mwenyewe aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili kazi imeanza. Hilo lilikuwa lake kusema. Lilikuwa kaburi la mkewe. Mtu mwingine angemwendea pale Mombasa, homa ikiwa bado mwilini mwake, amwambie kaburi hili ni mbegu, ningemwita mkatili. Maana ya msiba wako, kama itakuja siku ya kuonekana, utaiona wewe na utaisema wewe. Hakuna mwenye haki ya kukutangulia.

Kuhusu laana ya ukoo nitasema kwa ufupi na kwa ukali, kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akajibu kwamba huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Walipokuwa wakizungumza habari za maafa, yeye mwenyewe alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, akajibu: sivyo. Na Ezekieli 18 inakataa kabisa kwamba mwana achukue uovu wa baba yake. Kusi ilivuma. Chombo kilikuwa kidogo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kila mvuvi wa Ngomeni, Malindi na Mayungu anajua bahari inavyokuwa, na wanatoka kwa sababu nyumbani watoto wanataka kula. Mumeo alikufa akitafuta riziki ya wanawe. Usikubali mtu alipake tope jambo hilo.

Na hiyo kufunga siku saba bila kula, usifunge. Pesa za mbegu usitoe, hata shilingi mia. Wewe ni mjane mwenye watoto watatu, na Maandiko yanaliagiza kanisa likupe wewe, hayakuagizi wewe umpe mhubiri. Sisi tulioko Malindi hatuna tena udhuru wa kulizungumza jambo hili kwa upole. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliokufa kwa njaa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu, watoto wadogo wakiwamo. Ni katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Wale hawakuanza siku ya kwanza kwa kukubali kufa njaa. Walianza kwa kumwamini mtu aliyewaeleza shida zao kwa uhakika mkubwa na kuwapa dawa ngumu. Kila ukimsikia mtu ana maelezo kamili ya msiba wako, na maelezo hayo yanakutaka uutese mwili wako au uufungue mfuko wako, ondoka. Kula, mama. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate na chupa ya maji, akamwambia ainuke ale, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena.

Majirani zako Waislamu wanaosema ni kadari, wapokee kwa moyo mweupe. Wanakupa lile wanaloshikilia wao wenyewe wakifiwa, na bila shaka walikuja na chai na uji kabla ya wengi wetu. Mimi kama Mkristo ningelisema kwa njia nyingine. Naamini hakuna kinachompita Mungu, na pia naamini kifo ni adui. Paulo anakiita hivyo hivyo, adui wa mwisho, atakayebatilishwa. Mungu hachezi upande mmoja na adui huyu.

Sasa, kwa nini basi niseme Mungu ni mwema? Sisemi kwa kuangalia bahari. Ukiangalia bahari, siku moja inakupa nguru na kolekole, siku nyingine inakuvunjia nyumba. Wala sisemi kwa kuangalia maisha yangu na kupima mazuri na mabaya. Nasema kwa sababu ya Yesu Kristo, na hasa kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza, alipofika Bethania, Lazaro akiwa kaburini siku nne, alijua anakwenda kumfufua. Alikuwa amekwisha kumwambia Martha hivyo. Na bado alipomwona Mariamu analia, alilia. Kama kujua mwisho mzuri kungetosha kukausha machozi, Yesu asingelia. Wakristo wengi tumejifunza vibaya hapa. Hata Agostino, Mwafrika wa Kaskazini, mwalimu mkubwa wa kanisa, alipofiwa na mama yake Monika mwaka 387 aliyazuia machozi yake katika maziko, akiona aibu kulia mtu aliyekufa katika imani. Baadaye, akiwa peke yake kitandani, aliyaachia. Aliandika hayo mwenyewe, waziwazi, ili asomaye ayaone.

La pili ni msalaba. Yesu alikufa akiwa na Zaburi ya malalamiko kinywani: “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Ni Zaburi ya 22, neno kwa neno. Mwana wa Mungu alishindwa kuitika “kila wakati” siku ile. Aliuliza mbona. Na siku ya tatu Baba alimfufua. Kwa hiyo ninapokwambia Mungu ni mwema, sikwambii kwamba yuko ufuoni ameketi, anaangalia nani atarudi na nani hatarudi. Nakwambia ameingia majini mwenyewe, amefika chini kabisa, na ametoka. Kama hilo si kweli, basi mimi sina la kukupa, na ningeona haya kukuandikia. Lakini naamini ni kweli, na ndilo peke yake lililonishikilia katika vyumba vya wafiwa ambako kila neno jingine nililolijaribu lilikuwa jepesi mno.

Kisha kuna wema unaokuja kwa mikono ya watu, nao huwa tunautazama bila kuuona kwa sababu hauna ukubwa wa muujiza. Niliwahi kukaa na familia moja ufuoni Mayungu, wakati wa kusi, wakimsubiri kijana wao. Siku ya pili ya kutafuta, petroli iliisha. Boti ya kutafutia inakula mafuta, na wenye boti hawakuwa na kitu tena. Pale penye mikaango walikuwapo mama karanga wakikaanga samaki, Waislamu kwa Wakristo. Mmoja alijifuta mikono, akalifungua fundo la leso yake, akatoa noti mbili zilizolowa mafuta akaziweka kwenye ungo. Hakusema kitu. Aliyekuwa karibu naye akafanya hivyo hivyo, kisha mwingine, na ungo ukazungushwa mpaka kwa wanaoparua samaki na kwa vijana wa bodaboda. Mtungi ukajaa, boti ikatoka tena. Kijana hakupatikana. Sitaki nikusimulie kana kwamba alipatikana. Lakini mama yake aliniambia miezi baadaye kwamba kila alipojaribu kuomba, kitu pekee alichoweza kumshukuru Mungu kwacho ni ule ungo. Nikamwambia hiyo inatosha. Anza na ungo.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Naomi, katika kitabu cha Ruthu, aliyefiwa na mume na wana wawili ugenini. Aliporudi Bethlehemu wanawake wakampokea, naye akawajibu kwa uchungu kwamba Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana, alitoka amejaa akarudishwa mikono mitupu. Hakuna aliyemkemea, wala mwandishi wa kitabu hamkemei. Kilichofuata ni shayiri iliyookotwa shambani na mkwewe, chakula cha jioni, jamaa aliyefuata sheria ya ukoo ipasavyo, na majirani waliompa mtoto jina. Mungu hasemi neno hata moja katika kitabu hicho. Jiulize usiku wa leo, bila kujilazimisha: ni nani aliyekuletea unga? Ni nani anayewapeleka watoto shule siku ambazo huwezi kuinuka? Usiseme wema huo unalipia msiba. Haulipii. Utaje tu mbele za Mungu kwa majina.

Mtoto wako. Ana miaka sita, na anauliza kama Mungu ndiye aliyemchukua baba. Usimwambie Mungu amemchukua kwa kuwa anampenda sana. Mtoto atafanya hesabu yake: Mungu akimpenda mtu humchukua, basi nani atafuata, mama? Mwambie ukweli kwa maneno mafupi. “Upepo ulikuwa mkali, chombo kikapinduka, baba amekufa baharini. Mungu hakumchukia baba. Mungu anajua baba alipo, na anatupenda mimi na wewe. Mimi nina huzuni pia.” Usitumie neno amelala wala amesafiri, kwa sababu atakwenda ufuoni kumsubiri. Ukilia mbele yake si kosa, atajifunza kwamba katika nyumba hii mtu anaweza kulia na bado chakula kikapikwa. Atakuuliza tena wiki ijayo, na mwezi ujao, swali lile lile. Mjibu vilevile. Akiuliza kwa nini Mungu hakuutuliza upepo kama alivyoutuliza Yesu katika ziwa la Galilaya, mwambie hata wewe unamwuliza Mungu swali hilo, kisha mkaulize pamoja katika sala. Mtoto hahofii kuomba hivyo. Sisi ndio tunaomfundisha kuhofia.

Limebaki lile la kukosa kaburi, ambalo hukuliuliza lakini nimelisoma katikati ya mistari yako. Kwetu pwani mtu asiyezikwa huacha kidonda cha namna yake, kila mwili ukitupwa ufuoni moyo unaruka. Liweke hili mkononi: tumaini letu la ufufuo halitegemei kaburi. Roma ilipovamiwa mwaka 410 na wengi wakakosa maziko, Agostino aliwaandikia Wakristo kwamba kukosa kaburi hakumpunguzii aliyekufa chochote mbele za Mungu, ingawa maziko ni heshima njema tunayopaswa kuwapa wafu wetu tukiweza. Na Ufunuo 20 inasema bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Imetaja bahari kwanza, kabla ya mauti na kuzimu. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kina maneno ya kuwazika mabaharia yaliyotoka katika aya hiyo, kwamba tunangojea siku ambayo bahari itawatoa wafu wake. Mumeo hajapotea kwa Mungu.

Kwa hiyo mwombe mchungaji wako afanye ibada ya kumkumbuka, bila mwili, hapo hapo ufuoni Ngomeni. Familia ya yule mwenzake aliyepotea naye iitwe, ifanywe moja. Zaburi ya 88 isomwe, au ya 130, kisha Ufunuo 20 na 21. Jina lake litajwe kwa ukamilifu. Watoto wawepo, hata yule wa miaka sita, aelezwe mapema kitakachofanyika. Aliyeokoka apewe nafasi ya kusema kama anataka, na asilazimishwe, maana huyo naye ana mzigo wa kuwa yeye ndiye aliyerudi.

Na karatasi usiziache. Pasipo mwili, sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 7, na hilo linaweza kukukwamisha katika mambo ya akiba, shamba na hata karatasi za watoto. Aliyeokoka aandikishe taarifa yake polisi sasa, angali anakumbuka saa na mahali. Viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, wa bandari yenu waandike barua kwamba chombo kilitoka siku fulani na watu fulani, na chifu aandike ya kwake. Zote ziwekwe mahali pamoja, nakala moja ibaki kwa mtu unayemwamini, kisha mwende kwa wakili au ofisi ya msaada wa sheria muulize hatua inayofuata. Mzee mmoja wa kanisa akusindikize, usiende peke yako.

Ibada iwekwe kabla kaskazi haijaanza mwezi wa kumi na moja, wakati wavuvi wengi bado wako karibu na nyumbani, maana wao ndio watakaotaka kuwepo. Kama mchungaji wenu atahitaji mpangilio wake, aniandikie, nitamtumia.